Mazda RX-8 ya mkono wa pili, miaka mitatu na nusu Nakuru: usiikague ikiwa baridi

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, sifa za gari zitafuata.

Mwisho wa 2021 niliona RX-8 ya 2005 inauzwa Kisumu, Type S, gia sita za mkono, nyekundu, boneti imechujuka kidogo na jua la ziwa. Mwenyewe alitaka 520,000. Nikapanda matatu Nakuru alfajiri nikiwa na pesa kwa simu na ujuaji mwingi kichwani, na kufika kwake Milimani kitu ya kwanza nilifanya ni ile tumefunzwa na kila mjomba aliyewahi kumiliki Datsun, gusa boneti hata kabla ya salamu kuisha. Ikiwa na joto ujue imewashwa mapema kuficha kitu. Hii ilikuwa baridi kabisa. Akaniambia "omera, washa mwenyewe", nikawasha, ikashika mara moja, nikazunguka nayo hadi Dunga na kurudi, nikabishana bei ikashuka hadi 470,000 na nikajiona mjanja.

Kwa Subaru ama Toyota ningekuwa nimekagua sawa. Kwa RX-8 nilikagua kinyume. Hii gari ikiwa imechoka, asubuhi ikiwa baridi inawaka tu vizuri, shida inajitokeza injini ikiwa imepata moto: unazima, unakaa dakika kumi, unarudi unakuta stata inazunguka weee na injini haishiki. Sasa mimi nilirudi kutoka Dunga nikazima, tukaketi kibarazani tukaandikiana mkataba, akanikaribisha samaki na ugali, tukapiga stori hadi saa tisa na kitu, na hapo ndio nikawasha kuondoka, injini imeshapoa. Siku hizi nikiikumbuka ile samaki huwa najiuliza kama ilikuwa ukarimu tu.

Kericho nikasimama kuweka mafuta. Kulipa, kununua chai, mvua ya Kericho si mnaijua, ikanishikilia hapo kama robo saa, kurudi kwa gari, haiwaki. Nikajaribu mara sita, betri ikaanza kulia. Kijana wa pampu akaniambia niitoe hapo nafungia watu njia. Vijana wanne wa boda wakaisukuma kwenye mteremko, nikaingiza gia ya pili, nikaachilia klachi, ikakohoa moshi, ikashika. Niliwapa 400. Na sikuzima tena hadi Nakuru, hata Mau Summit nilipobanwa na haja niliiacha inanguruma kando ya barabara na mlango wazi, heri iibiwe ikiwa inawaka.

Kwa wale hawajui, hii gari haina pistoni. Haina valvu, haina mkanda wa taiming wa kubadilisha. Ndani kuna vitu viwili vya pembe tatu vinaitwa rotari, pande zimefura kidogo, sambusa kabisa, na kila sambusa inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la njugu. Kwenye kila ncha ya sambusa kuna kijiti cha chuma kinachosukumwa na springi kikwaruze ukuta na kuziba hewa isivuje, mafundi wa hizi gari wanakiita sili ya ncha. Sili ikilika ama springi ikichoka kwa joto, hewa inavuja, na bila kubana hewa vizuri hakuna moto. Ikiwa baridi mafuta ya injini bado mazito yanasaidia kuziba zile nyufa, ikichemka yanakuwa mepesi kama maji na uongo wote unafichuka.

Na kuna kitu nilikuja kuelewa baadaye sana, ambacho hakuna muuzaji wa Kisumu atakuambia, labda hata hajui. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari. Kericho ni kama 2,000, Nakuru 1,850 hivi. Huku juu hewa ni nyembamba, kwa hivyo injini ikivuta pumzi inapata hewa kidogo ya kubana. Injini iliyochoka inaweza kuwaka pale ziwani ikiwa ya moto, kwa taabu lakini ikawaka, halafu ikifika Kericho igome. Ukinunua RX-8 Kisumu ama Mombasa na unaishi Nakuru, Eldoret, Londiani huko, huo mlima uingize kwa hesabu kabla hujatoa pesa.

Kwa hivyo mnunuzi fanya hivi: iendeshe nusu saa, iendeshe kwa nguvu, zima, ngoja dakika kumi, washa bila kugusa pedali ya mafuta. Ikizidi sekunde tatu nne kushika, unaongea bei ya gari pamoja na injini. Ikikataa kabisa, kunywa soda ya mwenyeji, shukuru, rudi nyumbani na matatu. Na usikubali samaki.

Garage ya kwanza niliipeleka hapa Nakuru, sitaitaja, walinikalia wiki tatu. Walibadilisha sensa mbili, pampu ya petroli na betri, wakachukua 38,000, na gari ikatoka vile iliingia. Halafu walipoona inakunywa oili wakaniambia hiyo ndio dalili injini imekufa, wakaweka oili nzito ile ya lori. Sasa hapo ndio nilijua hawa jamaa wanakisia. RX-8 inakunywa oili kwa makusudi, iliundwa hivyo, kuna kapampu kanachorusha oili kidogo kidogo ndani ya chumba cha moto ndio zile sili zisikauke. Yangu ikiwa mzima inakula kama lita moja kila km 1,500, wakati mwingine mapema kama nimeikimbiza. Ukikuta RX-8 haili oili hata tone, ogopa zaidi.

Nilipata msaada mahali sikutegemea. Kuna mzee mmoja upande wa Njoro anatengeneza trakta na mashine za kuvuna ngano, rafiki yangu wa duka la agrovet ndiye alinielekeza. Mzee alifungua boneti, akainama, akakaa kimya, kijana wake akauliza "pistoni ziko wapi?" na mzee akamwambia "wewe nyamaza kwanza tusome." Nilimpenda papo hapo. Nikamweleza sambusa, nikamchorea kwa vumbi. Akasema basi tupime kila upande wa sambusa kivyake.

Sasa hii sehemu isomeni polepole kwa sababu itawaokolea pesa. Geji ya kawaida ya kupima kompresheni, yaani vile injini inabana hewa, inakupa namba moja tu, ile kubwa zaidi, na kwa hii injini hiyo ni bure kwa sababu kila rotari ina nyuso tatu, mbili zinaweza kuwa nzuri na moja imekufa na geji ikakuonyesha ile nzuri. Kipimo chenyewe cha rotari hakikuwa Nakuru. Mzee alifungua kale kavalvu kadogo chini ya geji kanachoshikilia presha, akakatoa, sindano ikawa huru kuruka na kushuka. Tukatoa plagi moja, tukafunga geji, mimi nikakanyaga pedali hadi chini, maana kwa hii gari ukikanyaga hadi sakafuni wakati wa kuwasha petroli inakatwa, stata ikazunguka, na kijana akachukua video kwa simu ile ya mwendo wa pole. Rotari ya mbele: puf, puf, puf, sindano inaruka sawasawa. Ya nyuma: puf, puf, pff. Puf, puf, pff. Tulirudia video mara kama kumi tumeinamia simu chini ya mti. Mzee akasema, "Kijana, mmoja wao hapa anachechemea."

Hiyo njia haikupi namba ya uhakika, inakuonyesha tu kama wanafanana. Kitabu cha Mazda kinataka presha ya kila uso isiwe chini ya kPa 680 stata ikizungusha injini mara 250 kwa dakika, na injini mpya huwa kama 830. Lakini kama unaenda kukagua gari ya mtu na huna mashine, ile geji ya elfu mbili iliyotolewa kavalvu na simu yako inatosha kukuambia ukimbie ama ubaki.

Tukafungua injini. Vifaa viliagizwa nje, wiki sita, sili za ncha, za pembeni, springi, zile ringi za mpira za kuzuia maji, gaskiti zote. Sili za zamani tulipoziweka kando ya mpya zilikuwa zimelika katikati kama kisu cha nyama kilichonolewa kila siku kwa miaka. Nyumba moja ya rotari, kile chumba cha ganda la njugu, ilikuwa na mkwaruzo, ikabidi nitafute nyingine ya mkono wa pili Nairobi, Kirinyaga Road, nilizunguka huko siku mbili na kila mtu ananiuliza kama niko sure ni ya gari na si ya pampu ya maji. Jumla na kazi ya mzee, 285,000. Kwa hivyo gari ya 470 ikawa ya 755, na hapo bado sijahesabu ile 38,000 ya garage ya kwanza wala matairi. Kama ningejua kupima, ningemwambia yule bwana wa Kisumu 250 na tungeelewana, maana hata yeye alijua.

Kuna watu watakuambia badala ya kufungua, nunua injini kutoka Japani tayari, weka, endesha. Shida ni kwamba Mazda iliacha kuunda hizi gari 2012, kwa hivyo hiyo injini unayoletewa nayo ina miaka yake na hujui ilitolewa kwa gari kwa sababu gani. Gari zenyewe pia, kwa sheria yetu ya kutoingiza gari iliyozidi miaka nane, tangu 2020 haziingii tena. Zote mnaziona barabarani ni zile zile zinapitishwa kwa mikono, na ugonjwa unapitishwa nazo.

Sasa uzuri, kwa sababu watu wananiuliza kama ni taabu hivi mbona bado ninayo.

Toka Kericho ukielekea Mau Summit asubuhi, kabla malori hayajajaa, majani chai pande zote, barabara kavu. Gia ya tatu. Chini ya mizunguko 4,000 kwa dakika hii gari imelala, sitawadanganya, Probox ya miraa inakupita na dereva anakuangalia kwa huruma. Lakini ukivuka 5,000 inaamka, 6,000, 7,000, na haitetemeki, hakuna ile kelele ya injini kuomba radhi, inazidi tu kuwa laini kama cherehani, hadi inakaribia 9,000 na kakengele kanalia ndani kukukumbusha ubadilishe gia, kwa sababu kweli unasahau. Halafu kona inakuja. Injini yenyewe ni ndogo na imewekwa nyuma sana, karibu na miguu yako, uzito umegawanywa nusu mbele nusu nyuma, kwa hivyo unageuza stelingi na gari inageuka yote kwa pamoja, si pua kwanza halafu mkia unafuata ukifikiria. Nimeendesha Subaru za turbo za marafiki, zina nguvu zaidi, zinakusukuma kifua. Hii haikusukumi, inakusikiliza. Mimi napendelea hii.

Yule bwana wa Kisumu alinipigia pia ile hadithi ya mbio za saa 24 za Le Mans 1991, Mazda kushinda na injini ya rotari, na ni kweli walishinda, Wajapani wa kwanza kabisa. Lakini ile ilikuwa na rotari nne na jeshi la mafundi. Mimi niko na mbili na mzee wa trakta.

Mafuta. Kwa logibuku imeandikwa injini ni cc 1300. Askari wa trafiki karibu na Salgaa alisoma hiyo akazunguka gari mara mbili akaniuliza kama ni Vitz imenyooshwa. Usidanganyike na hiyo namba, huko Japani kwenyewe serikali inapotoza kodi inazidisha ukubwa wa rotari mara 1.5 kwa sababu wanajua vile inakunywa. Mjini Nakuru napata km 5.5 kwa lita, nikiwa mpole 6. Barabara kuu nikishikilia 100, kama 9. Nakuru hadi Kisumu ni kama km 180, hesabu lita 20 ama 22 kwenda peke yake. Petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita Septemba 2023 niliifunika turubai miezi miwili nikawa natumia boda, na sioni aibu kusema.

Na juu ya petroli unaongeza kitu kingine. Wenye hizi gari wengi huchanganya oili ya tustroki kidogo kwa tangi, kusaidia zile sili kupata ulainisho hata kama kapampu kamezeeka. Mimi naweka kama mililita 200 tangi ikijaa, ile ya kuungua safi. Nakuru wauzaji walikuwa wananitolea ile ya pawa-so, chafu, lakini Kisumu wavuvi wanatumia tustroki kwa injini za boti kwa hivyo inapatikana nzuri na bei si mbaya, nikienda huko kwa shemeji narudi na lita nne na omena.

Ile ya kuosha gari. Hii imeniuma mara mbili kwa hivyo nitaieleza vizuri. Injini ya rotari ikiwashwa baridi inamwaga petroli nyingi ndani. Ukiizima kabla haijapata moto, ile petroli inabaki imelowesha plagi na kuosha oili kwa kuta, na kesho yake haiwaki. Jumamosi moja nimeacha gari pale naosha, Shabab, nikaacha na funguo kama watu wengine, kijana akaiwasha akaisogeza mita tatu kutoka kwa maji, akazima. Mita tatu! Jumapili watu wamevaa, mama mkwe yuko nyuma amekaa vizuri na biblia, mke wangu mbele, nawasha, weee, hakuna. Nikakanyaga pedali hadi chini, nikazungusha stata sekunde kumi, nikapumzisha, nikarudia, moshi mweupe ukafunika compound yote, jirani akafunga dirisha. Mara ya tano ikashika. Mama mkwe alikuwa ameshatoka zamani akaenda na tuktuk, na hadi leo hiyo gari anaiita "ile ya kushinda imekohoa".

Siku hizi nikiiwasha, hata kama ni kuisogeza tu, inakaa ikinguruma hadi ipate moto, na kabla ya kuzima naipandisha mizunguko 3,000 hivi sekunde kumi isafishe. Na funguo siachi, ukitaka kuisogeza uisukume.

Nikisema mama mkwe yuko nyuma msishangae, hii ni gari ya spoti yenye milango minne, ile midogo ya nyuma inafunguka kinyume, bila nguzo katikati. Watoto wanafikiri ni ya sinema. Viti vya nyuma mtu mzima anakaa kweli, Nakuru hadi Kericho bila kulalamika, baada ya hapo magoti yanaanza kuongea. Nimeshaombwa arusi tatu.

Koili, zile za kupelekea plagi umeme, ndizo zinaua hizi injini kimyakimya na hapa ndio watu wanabana senti mahali si pake. Ziko nne, plagi nne pia, mbili za kutangulia na mbili za kufuata na hazifanani, fundi akizichanganya utajua hujui. Koili ikidhoofika gari haizimi, inapoteza nguvu kidogo, unasema ni mafuta mabaya. Kumbe petroli haiungui yote, inaenda kuungulia kwa ekzosi, ndani ya katalaiza, ile ya kusafisha moshi, katalaiza inayeyuka na kuziba, joto linarudi nyuma kwa injini, sili zinaisha. Mimi nilinunua seti ya bei rahisi duka moja mjini, zote nne 11,000, boksi linapendeza, mwezi wa tatu moja ikafa. Nilijua kwa harufu ya petroli nyuma, na usiku nilipoinama kuangalia chini nikaona katalaiza inang'aa nyekundu kama kaa la jiko. Nilizima hapo hapo nikavutwa na pikapu. Sasa nabadilisha zote nne pamoja kila km 40,000 hata kama hazijaniambia kitu, na nanunua zile za kweli nikilia.

Joto. Ile geji ya dashi ni ya kukupumbaza, inakaa katikati injini ikiwa digrii 85 na inakaa katikati ikiwa 105, ikipanda ushachelewa. Nina kadude ka bluetooth kamechomekwa chini ya stelingi kanaleta namba kwa simu, elfu moja na mia tano hivi, na nikipanda mlima nyuma ya trela naangalia hiyo kuliko barabara, Mungu anisamehe. Ikipita 105 napunguza, nazima AC, nafungua hita, natoa jasho mimi ndio injini isitoe. Rejeta ya gari ya miaka ishirini vichwa vyake vya plastiki vimekauka kama biskuti, yangu ilipasuka Londiani. Kama unanunua leo, badilisha rejeta hiyo wiki ya kwanza bila kuuliza maswali.

Mengine haraka. Stata za miaka ya kwanza ni dhaifu, Mazda wenyewe walikuja kuweka yenye nguvu zaidi baadaye, ukipata hiyo pamoja na betri nzuri umesaidia nusu ya shida ya kuwasha. Oili naweka 5W-30 vile kitabu kinasema na nabadilisha kila km 5,000, kipimo nachomoa kila nikiweka mafuta, kila mara, hata mvua ikinyesha. Matairi ni 225/45 za inchi 18 na mashimo hayazipendi. Matuta, lo, yale ya Awasi na yale wananchi wamejijengea wenyewe karibu na Kericho yasiyo na rangi wala kibao, unavuka kwa mshazari, tairi moja moja, na dereva wa matatu nyuma anakupigia honi. Bima, nilitaka ile kubwa, kampuni mbili zikaangalia mwaka wa gari zikaniambia pole, kwa hivyo niko na ya mtu wa tatu, kumaanisha ikichomeka imechomeka.

Kama unauliza nyota, gari tatu, usukani tano, mfuko moja. Usiinunue kama ndio gari yako ya pekee na una kazi ya kufika saa mbili. Usiinunue kwa mkopo. Na kama wewe ni mtu wa kumwachia fundi kila kitu na kurudi jioni, hii hapana, nunua Toyota Altezza, hiyo kila fundi anaielewa. Hapa mgonjwa ni wa kwako, lazima wewe mwenyewe ujue vile anapumua.

Mimi niko na daftari kwa dashi. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi naipeleka hadi Molo na kurudi, nazima, nangoja dakika kumi kwa saa, nawasha na kuhesabu. Mzee wa Njoro alipomaliza injini 2022 ilikuwa sekunde moja. Mwaka jana mbili. Jumapili iliyopita nilihesabu tatu, nikasema labda nimehesabu haraka, nikangoja dakika kumi zingine nikarudia, tatu na kitu. Nimeandika tatu.